Darasa la Kiingereza lisimnyang'anye mama watoto wake

Mtoto akiondolewa nyumbani huku Marekani kwa madai ya kunyanyaswa au kutotunzwa, siku zinaanza kuhesabiwa. Kwa sheria ya shirikisho ya 1997, akikaa chini ya malezi ya serikali miezi 15 kati ya 22, idara ya ustawi wa watoto hutakiwa kuiomba mahakama iwavue wazazi haki zao. Kwa familia zinazozungumza Kiswahili, nyingi zikiwa za wakimbizi kutoka Kongo, lugha inaweza kuila miezi hiyo. Mama anaamriwa ahudhurie mafunzo ya malezi, mafunzo yenyewe ni ya Kiingereza. Anakwenda mara mbili, haambulii kitu, anaacha. Kwenye faili panaandikwa: hakutoa ushirikiano.

Sheria hiyohiyo imeacha nafasi: kama idara haikutoa huduma zinazohitajika ili mtoto arudi nyumbani salama, inaweza kutoleta ombi hilo. Lakini lazima mtu alisemee hilo mbele ya jaji, na mapema.

Ndiyo maana nawasihi Waswahili wenzangu wajitolee kuwa watetezi wa watoto mahakamani, maarufu kama CASA, ambao jaji huwateua wafuatilie hali ya mtoto na kumletea ripoti. Mpango huu aliuanzisha Jaji David Soukup mjini Seattle mwaka 1977. Si lazima uwe mwanasheria. Kwa kawaida uwe na miaka 21, rekodi yako ichunguzwe, upate mafunzo ya saa 30 hivi, kisha ule kiapo. Amri ya mahakama ndiyo inayokufungulia faili na kukuwezesha kuzungumza na mwalimu, daktari na afisa ustawi wa jamii.

Mtembelee mtoto walau mara moja kwa mwezi, na usimtumie kaka yake kama mkalimani: atayaficha ya nyumbani, au atabebeshwa yasiyomfaa. Kwenye ripoti andika ulichokiona. "Nyumba haifai" haimsaidii jaji. "Watoto watatu, godoro moja, jikoni mna unga na maharage, dirisha la ghorofa ya pili halifungi" inamsaidia, maana dirisha ni hatari, godoro la pamoja ni umaskini tu. Kisha omba kitu mahususi: mafunzo yenye mkalimani wa Kiswahili, yaanze kabla ya tarehe fulani.

Ya kwenye kesi yasifike kanisani wala kwenye kundi la WhatsApp. Na mtoto akikuuliza atarudi lini kwao, usimwahidi. Mtajie tarehe ya kusikilizwa kesi, umwambie kwamba matakwa yake utayafikisha kwa jaji kama alivyoyasema, hata pale wewe utakapopendekeza jambo jingine.