Chuku ya Kidato cha Pili C

Atakayekuambia kwamba amewahi kuwaweka macho Kidato cha Pili kwenye kipindi cha Fizikia, saa saba mchana, Tanga, mwezi wa tatu, huyo anapiga chuku. Na chuku ndiyo iliyoniponza.

Mkondo wangu ulikuwa C, wale ambao ofisini tuliwaita "wasindikizaji". Watoto wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, wamefika sekondari kila kitu Kiingereza. Nilipotaja mada, "atimosferiki presha", kijana mmoja akanyoosha mkono kwa huruma: "Sir, hata bibi yangu anayo. Kakatazwa chumvi." Darasa zima: "Pole yake!" Kipindi kikafia hapo.

Usiku nikaapa: kesho watachangamka. Nikaazima glasi kwa mama wa kantini, nikanunua pamba na spiriti. Asubuhi nikaanza na habari za Otto von Guericke, Mjerumani aliyekutanisha nusu mbili za tufe la shaba akanyonya hewa ndani, na mwaka 1657, pale Magdeburg, farasi 16 wakahaha kuzitenganisha, wanane huku, wanane kule. Hakuna gundi wala msumari. Ni hewa ya nje tu inakandamiza, karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba.

"Sir, hiyo kamba!"

Nikawasha pamba, nikaizungusha ndani ya glasi, nikaitoa, nikabandika glasi mkononi. Ikaanguka. Jasho! Wakacheka hadi madawati yakalia. Hapo heshima yangu ikanipanda kichwani, na mimi nikaifuata hukohuko na glasi. Nikaibandika katikati ya paji la uso.

Ikanata. Nikatembea katikati ya madawati kama kifaru aliyetoka kunywa chai, nikieleza: hewa ya ndani inapoa, presha yake inashuka, ya nje inashindilia. Hata yule ambaye hulala kuanzia namba za mahudhurio alisimama juu ya kiti. Nikamaliza maelezo, nikavuta glasi niitoe.

Nyusi zikapanda. Glasi ikabaki.

"Sir, tulete farasi?"

Sikujibu upesi, wakachukulia nimekubali. Mmoja akashika glasi, wenzake wakamshika kiuno, wengine wakanikamata mimi kwa nyuma. "Moja! Mbili!" Wakati huohuo makamu mkuu wa shule akapita dirishani. Akasimama, akatazama, akaenda zake. Nadhani ualimu ulishamwonyesha mengi.

Aliyeniokoa ni binti wa dawati la mwisho, ambaye tangu mwaka uanze sijawahi kusikia sauti yake. "Msivute, mtamchuna! Bibi yangu akimuumika mtu kwa chuku, ile pembe ya kuvutia damu, hubonyeza hapa pembeni." Akabonyeza kidole. Fsss! Glasi mkononi mwake.

"Kwa nini imetoka?" nikamuuliza, nimeshika paji.

"Hewa imeingia, sir. Presha ya ndani na ya nje zimelingana."

"Presha ipi?"

"Si ile ya chumvi."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na mimi nina duara jeusi katikati ya paji. Msikitini, kusema kweli, mimi ni wa safu ya karibu na viatu. Mzee mmoja akanitazama, akanishika mkono machozi yakimlengalenga. "Mashaallah! Sigida hiyo, mwanangu! Kumbe usiku hulali, unasujudu tu!" Akanivuta hadi safu ya mbele. Nilitaka kumweleza, lakini khatibu keshapanda mimbari, habari za farasi wa Ujerumani utazianzia wapi? Ikabidi wiki nzima niswali alfajiri msikitini, kwa jamaa, kwa aibu tu.

Baada ya siku kumi alama ikaanza kufifia. Mzee akanikagua paji, akatikisa kichwa taratibu.

"Mwanangu, umerudi kulala?"