Nilivyotafuta Geti la Aktiki

Shemeji yangu anaishi Fairbanks, Alaska. Aliponiambia tunakwenda kwenye hifadhi iitwayo Malango ya Aktiki, nilijiandaa kama mtu yeyote wa Mwanza anavyojiandaa kuingia Serengeti kupitia geti la Ndabaka: kitambulisho mfukoni, noti za dola kwa ajili ya kiingilio.

Ndege ndogo ya kutua majini ikatushusha pale unapoanzia mto Noatak, sisi na mtumbwi wetu wa kujaza upepo, ikaruka zake.

"Shem, geti liko wapi?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Geti hakuna! Barabara hakuna, askari hakuna, choo hakuna. Eneo linazidi Serengeti mara mbili, na kuingia bure. Mto wenyewe unalindwa na sheria aliyoitia saini Rais Carter wa Marekani mwaka 1980, na ulinzi wenyewe ni huo huo wa kutoujengea kitu. Kwetu kitu kikilindwa, kwanza kinajengewa kibanda cha mlinzi.

Njaa ikabisha hodi. Chakula kilikuwa kwenye kopo gumu la plastiki, ambalo kanuni za pale zinakulazimisha ubebe ili dubu asionje. Mfuniko unafungwa kwa skrubu mbili, unazizungusha kwa sarafu. Sarafu hatuna, noti tele. Kisu je? Shemeji alikipakia vizuri sana: ndani ya kopo, juu ya dagaa.

Tukajaribu kucha. Tukajaribu kijiko cha plastiki, kikavunjika. Nikalipiga jiwe, likapasuka jiwe. Mbu nao walikuwa wanakula bila shida, maana kopo lao ni mimi na halina mfuniko.

"Basi tungoje giza, tulale."

"Giza?" Shemeji akaliangalia jua. "Hili halizami mpaka Julai, Shem."

Saa nane za usiku, jua likiwaka, nilikuwa nikipekua koti kutafuta hata pipi. Vidole vikagusa kitu cha duara kwenye bitana. Shilingi mia mbili! Chenji niliyogombania na konda wa Buhongwa wiki moja kabla ya safari. Simba wawili wamechorwa juu yake, wametulia kabisa, dubu hawawahusu.

Shemeji akanyoosha mkono. Nikaifumbata.

"Kiingilio dola ishirini," nikamwambia. "Geti ni mimi."

Akalipa.