Pampu Kubwa Haiokoi Boti Iliyochelewa Kujua Inavuja

Tundu lenye kipenyo cha sentimita 5, likiwa mita 1 chini ya usawa wa maji, huingiza takriban lita 300 kwa dakika. Hizo ni karibu tani 18 kwa saa. Kipenyo kikifika sentimita 10, maji yanakuwa mara nne. Sasa soma kibandiko cha pampu ya umeme ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti: lita 120 kwa dakika, tuseme. Kipimo hicho kimechukuliwa betri ikiwa imejaa na maji hayapandishwi popote. Yapandishe mita 2 kwenye mpira wenye kona tatu, betri ikiwa imechoka, na utabaki na nusu yake au pungufu.

Ndiyo maana naona wenye boti za uvuvi wa bahari kuu wanakosea wanapotumia fedha zao za kwanza kununua pampu kubwa zaidi. Fedha za kwanza ziende kwenye kengele ya maji, inayolia maji yakipanda ndani ya boti. Lita 300 kwa dakika ukizigundua dakika ya tatu, unashughulika na tani moja na bado unaliona tundu. Ukizigundua dakika ya arobaini, una tani 12 ndani, tundu limefunikwa, na injini iko njiani kuzima.

Pampu inayojiwasha yenyewe ina ubaya mwingine ambao hausemwi vya kutosha: inaficha ugonjwa. Pakingi ya shafti, kizibo cha pale shafti ya propela inapotoka nje, inalegea kidogo kidogo, pampu inafanya kazi kimya, hakuna anayejua. Funga kihesabio cha saa kwenye waya wake na uandike namba kila asubuhi. Pampu iliyokuwa ikifanya kazi dakika 4 kwa siku ikifika 15, bodi au bomba fulani limeanza kusema. Kengele nayo iwe na swichi yake ya kuelea, sentimita chache juu ya ile ya pampu, waya wake na fyuzi yake. Weka moja chumba cha injini, moja stoo ya samaki, na moja chumba cha mitambo ya usukani kule tezi, nyuma ya boti, ambako mtu anaweza asiingie safari nzima. Inua kila swichi kwa mkono kabla ya kung'oa nanga, kwa sababu magamba ya samaki na nyuzi za nyavu huzikwamisha.

Maji yanaingilia wapi? Wengi huogopa mwamba au gogo linaloelea, lakini adui wa kila siku ni vifaa vinavyotoboa bodi: vali, mipira, bomba la shafti, mhimili wa usukani. Vali ya shaba nyeupe hupoteza zinki yake ndani ya maji ya chumvi, ikageuka rangi ya waridi na kuvunjika kama biskuti. Kwangua kidogo kwa kisu uione rangi. Kila mpira ulio chini ya usawa wa maji uwe na klipu mbili. Pakingi ikidondosha matone machache shafti ikizunguka si tatizo, ila ikitiririka ni tatizo. Kwenye boti ya mbao, kalafati nzuri (pamba inayoziba kati ya mbao) inaweza kuwa juu ya misumari iliyokwisha kuliwa, kwa hiyo ng'oa michache uitazame. Kwenye chuma, pima unene chini ya stoo ya samaki na mahali ngama ilipomwagiwa saruji, maana kutu hula kwa vishimo pale pasipoonekana.

Kisha kuna viambaza, kuta zinazoigawa boti vyumba. Kiambaza kinaitwa cha kuzuia maji hadi siku fundi anapopitisha waya mmoja na kuliacha tundu wazi. Meli ya uvuvi Alaska Ranger ilizama kwenye Bahari ya Bering tarehe 23 Machi 2008 ikiwa na watu 47, na watano walikufa. Uchunguzi ulielekea kwenye kupotea kwa usukani, maji yakaingilia tezi, kisha yakasambaa chumba hadi chumba kwa sababu sehemu za ndani hazikuzibwa barabara. Kuna kipimo kisichohitaji mtaalamu: zima taa zote, mtu mmoja awashe tochi kali upande mmoja wa kiambaza, mwingine atafute nuru upande wa pili. Panapopita nuru, maji yatapita.

Maji yaliyo huru ndani ya boti hayaongezi uzito tu. Boti ikiinama, nayo hukimbilia upande ule ule, na madhara hukua kwa kipeo cha tatu cha upana wa chumba: upana ukiwa maradufu, hatari ni mara nane. Dalili yake inadanganya. Boti huacha kurudi kwa haraka, inayumba polepole, mtu aliyelala anahisi bahari imetulia. Nahodha akihisi boti imekuwa laini ghafla huku mawimbi ni yale yale, afungue vifuniko vya vyumba vyote mara moja.

Kengele ikilia, punguza mwendo, onja maji ujue ni ya bahari au ya tangi, na funga vali zote za bodi. Kila vali iwe na kabari ya mbao laini iliyofungwa kando yake kwa kamba. Ubao ukipasuka, kumbuka kuwa kina cha mita 1 husukuma kilo 90 kwenye kipande cha sentimita 30 kwa 30. Huwezi kukishikilia kwa mikono, kwa hiyo weka godoro, ubao juu yake, kisha mti wa kukaza hadi kwenye mhimili wa upande wa pili, ukazwe kwa kabari. Turubai lililopitishwa nje chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) kwa kamba za kona nne hufanya kazi vizuri zaidi, kwani huko bahari yenyewe inalibana.

Mtu mmoja awe redioni tangu mwanzo. Sababu ni ya kifundi kabisa: betri nyingi ziko chini kwenye chumba cha injini, na redio hufa kabla ya boti. Betri ya dharura ikae juu, nyumba ya usukani. Bonyeza kitufe chekundu cha dharura cha redio, kisha chaneli 16: MAYDAY mara tatu, jina la boti mara tatu, mahali ulipo, tatizo, idadi ya watu. Ukifanikiwa kuziba, tangaza kuwa umefuta wito, na hakuna aibu yoyote. Kifaa cha EPIRB, kinachotuma ishara ya dharura kwa setilaiti, hutuma kwa megahezi 406 kwa saa 48 angalau, lakini kisiposajiliwa, waokoaji hawajui wanamtafuta nani.

Chelezo cha kuokolea watu kinaweza kujifungua chenyewe boti ikishuka kati ya mita 1.5 na 4, ikiwa kifyatuzi cha shinikizo la maji hakijaisha muda (vingi ni miaka 2) na ikiwa kamba imepitishwa kwenye kiungo chake dhaifu. Wanaoifunga moja kwa moja kwenye sitaha wanakizamisha pamoja na boti. Kwenye Alaska Ranger, umeme ulipokatika meli ilianza kurudi nyuma, na vyelezo vikawapita watu. Propela isimame kabla ya chelezo kugusa maji. Ingia ukiwa mkavu ukiweza; dakika ya kwanza ya maji baridi hukata pumzi, na baada ya kama dakika 10 vidole havishiki kamba.

Helikopta ikifika, acha waya wake uguse maji au sitaha kwanza, una umeme tuli, wala usiufunge popote. Meli ikifika, isimame joshini, upande unakotoka upepo, ili ikukinge. Mtu aliyekaa muda mrefu majini ainuliwe akiwa amelala kama inawezekana, na abaki amelala, hata akisema anaweza kutembea: shinikizo la maji lililokuwa likisaidia damu yake limeondoka, na moyo unaweza kusimama hapo hapo sitahani.