Kukosoa sawa, ila mama wa mchezaji kakosa nini?

Mwandishi, kwenye makala yako unasema mashabiki wa soka wanatukana wachezaji mtandaoni kwa sababu ya uchungu wa timu, mi nakataa kidogo, uchungu upo ila wengine ni mkeka tu (tiketi ya kubeti) umechanika. Mtu kaweka buku lake, timu moja ikamwangusha, basi anaenda kwenye peji ya beki anamtukana mpaka mama yake mzazi ambaye hata offside haijui.

Halafu kuna hii ya watani wa jadi, Simba na Yanga. Yanga 2023 wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakapigwa 2-1 nyumbani kwa Mkapa na USM Alger ya Algeria, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, jumla 2-2, kombe likapotea kwa sheria ya goli la ugenini tu, lakini ukifungua komenti siku ile ungedhani wameshuka daraja, Utopolo Utopolo (jina la kuwatania Yanga) mpaka asubuhi. Haya 2025 zamu ya Simba kwenye fainali hiyohiyo, Berkane ya Morocco ikatupiga 2-0 kule kwao, huku Amaan Zanzibar 1-1, na wenzetu Yanga wa Jangwani wakarudisha deni na riba yake 😂. Utani wenyewe mtamu jamani, mi mwenyewe Simba na makolo (jina la kututania sisi Simba) naitwa kila siku sinuni, tatizo ni pale mtu anapotoka kwenye utani anaanza kumtakia mchezaji avunjike mguu.

Na hao wasemaji wa klabu nao wapunguze, wanawasha moto kwenye mikutano na waandishi alafu wakishaenda kulala sisi ndo tunabaki tunang'oana meno kwenye komenti.