Setingi za duka zima zikae sehemu moja jamani

Kuna duka la hadiwea hapa Busia nililiandikia mfumo wa mauzo, mwenyewe ana duka upande huu na lingine dogo ng'ambo ya mpaka, na huo mfumo ndio ulionitia adabu. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) yetu Uganda ni 18%, Kenya 16%, basi mimi na uvivu wangu nikazipachika hizo namba moja kwa moja ndani ya kodi, yaani maagizo ya programu yenyewe, sehemu saba (naam, kodi ya serikali ndani ya kodi ya programu, Kiswahili chenyewe kinanicheka). Aprili 2020 Kenya wakashusha hadi 14% kwa sababu ya korona. Nikabadilisha sehemu sita, ya saba ikabaki kwenye ripoti, mahesabu ya mwezi yakagoma kabisa.

Nikaona haya, nikatengeneza tebo moja ya setingi (vitu vya kubadilika kama hiyo asilimia) kwenye databesi, yaani hifadhi ya data ya mfumo, na ukurasa wake ambapo Mzee mwenye duka anabadilisha mwenyewe bila kunipigia. Nikajiona fundi.

Januari 2021 Kenya wakarudi 16%, Mzee akabadilisha, safi. Wiki hiyohiyo mteja akarudisha wilbaro aliyoinunua Disemba, risiti yake 5,700, wakaitoa tena kwenye mfumo ikasema 5,800! Mzee akaniwekea karatasi zote mbili mezani, "Wewe kijana, nimwamini nani hapa?" Nikakosa pa kuangalia. Risiti ya zamani ilikuwa inapigiwa hesabu na setingi ya leo, ndo shida. Siku hizi kila mauzo yanabeba asilimia yake ya siku ile, setingi ni ya mauzo yajayo tu.

Na si kila kitu kiwe setingi, Mzee alitaka mpaka rangi ya batani nikakataa, ukizidisha hakuna anayejua kipi kinavuruga kipi. Paswedi ya databesi nayo haina kazi kwenye ukurasa ule, ikae kwa seva huko.

Ila historia ya nani kabadilisha nini lazima, hapo sibishani na mtu. Juzi namba ya simu chini ya risiti imegeuka, wateja wanampigia kijana wa kaunta badala ya duka, nikafungua historia nikakuta imebadilishwa saa kumi na moja jioni kwa akaunti ya Mzee mwenyewe, kumbe aliiacha wazi akaenda kuswali.