Mtemi Hana Mshahara, na Afadhali Asipewe

Ubishi ulianzia kwenye kijiwe cha kahawa pale Isevya, Tabora mjini. Kijana mmoja fundi simu alitusomea habari za ufalme wa Uingereza: mwaka wa fedha 2023/24 serikali yao ilitoa pauni milioni 86.3 kugharamia shughuli za kifalme na ukarabati wa jumba la Buckingham. Akahitimisha kwamba wafalme ni mzigo, kila nchi yenye akili iwatoe. Mzee aliyekuwa akitafuna kashata akamjibu bila hata kugeuka: "Wetu hali hata senti ya serikali. Mbona mlimfuta?"

Kijana wa watu hakufuta kitu. Alizaliwa zaidi ya miaka 30 baada ya sheria ya 1963 iliyowaondolea machifu madaraka. Lakini swali la mzee ni la haki, na huibuka upya kila mjadala wa Katiba mpya unapochangamka: watemi wetu, yaani machifu wa Unyamwezi, na wenzao wa Buha kule Kigoma, akina mwami, warudishwe kwenye sheria, wapewe ofisi na posho? Au waachwe walipo sasa, kwenye ngoma, misiba na kusuluhisha ugomvi?

Kuna jambo wengi hulisahau. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 haikuachana na ufalme siku hiyo. Kwa mwaka mzima Malkia Elizabeth aliendelea kuwa mkuu wa nchi hii, mpaka jamhuri ilipotangazwa 9 Desemba 1962. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya watemi. Na waliofanya hayo hawakuwa wageni wa mambo ya ikulu. Nyerere alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, na alisoma hapa hapa Tabora, katika shule ambayo Waingereza waliianzisha miaka ya 1920 wakilenga watoto wa machifu. Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe (eneo hili la Tabora) tangu 1957, alikuwa Waziri wa Sheria katika serikali ile ile, kisha akajiuzulu 1963. Shule iliyojengwa kulea watawala wa kurithi ikamlea mtu aliyewastaafisha. Nikipita pale getini huwa natabasamu peke yangu.

Kwa nini walifutwa? Jibu la darasani ni umoja wa taifa, na si jibu la uongo. Lakini wazee wa huku wana jibu jingine, nami naliona lina uzito zaidi: watemi walikuwa wameshaharibika kabla ya kufutwa. Gavana Donald Cameron alifika 1925 na mpango wake wa kutawala kupitia wenyeji. Mtemi akapewa mshahara, karani na mahakama, na juu ya hayo akapewa kazi ya kukusanya kodi ya kichwa. Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kiingereza, akimchukia, anaondolewa na kuwekwa mwingine. Linganisha na Isike, aliyetawala Unyanyembe kabla yao: Januari 1893 Wajerumani walipovunja boma lake hapa Tabora, alilipua ghala la baruti akiwa ndani kuliko kushikwa. Baada ya yeye, aliyekalia kile kiti alijua kwamba anayempa chakula ni mkoloni. Watu wakajua pia. Mtemi aliyekuwa akiombwa mvua akawa mtu wa kukimbiwa porini siku ya kodi.

Nisije nikaonekana nampamba Isike. Watemi wa karne ile walikula hongo, yaani ushuru wa njia, ya misafara iliyopita na pembe za ndovu na watumwa, na Mirambo kule Urambo aliijenga dola yake kwa bunduki za rugaruga, askari wake wa kukodiwa. Anayetaka kurudisha enzi akumbuke anarudisha nini.

Sasa upande wa pili, ambao vijana wa mjini huuruka haraka mno. Mjomba wangu ni mrina asali, mizinga yake iko kwenye miombo huko Uyui. Mwaka mmoja aligombana na jirani juu ya mzinga uliokuwa juu ya mti mmoja mpakani. Kila mmoja alisema ni wake, na mmoja wao alikuwa ameshaurina. Walikwenda kwenye baraza mara nne. Mara mbili wajumbe hawakutimia, mara ya tatu karani hakuja na jalada, mara ya nne wakaambiwa warudi baada ya mavuno. Ndipo wakapelekana kwa wazee wa ukoo wa utemi. Nilikuwepo. Wale wazee hawakuuliza mengi. Waliagiza mzinga ushushwe, wakaumwagia maji ya moto mahali palipogandamana nta na moshi wa miaka, wakasugua kwa gunzi la hindi. Alama ikajitokeza, mikato mitatu na mmoja wa kukingama. Kila mrina ana alama yake. Ilikuwa ya jirani, si ya mjomba.

Mjomba alilipa mbuzi na dumu la asali, mbuzi akachinjwa pale pale na wote wawili wakala. Saa tano asubuhi mambo yamekwisha. Hakuna aliyelazimika kutii, kwa sababu wale wazee hawana polisi wala lokapu. Alitii kwa kuwa kila mtu kijijini aliiona ile alama, na kwa kuwa kesho angehitaji watu hao hao msibani kwake.

Ningeishia hapo, makala hii ingekuwa ya kuwasifu. Lakini miaka michache baadaye shangazi yangu, mjane, alikwenda kwa wazee hao hao na shauri la shamba la marehemu mumewe. Wakamwambia kwa adabu zote, "Mama, tuletee mwanamume wa kukusemea." Akarudi nyumbani, akajifunga kanga upya, akaenda mahakamani. Ilichukua muda mrefu na nauli nyingi, lakini shamba ni lake. Yule karani anayesahau majalada, mwenye kusinzia mezani, ana kitu kimoja ambacho wazee wangu hawana: sheria inayomtambua shangazi kama mtu kamili.

Hata hapo tusijumlishe. Kule Kasulu, mkoani Kigoma, kabla ya uhuru himaya ya Heru ilikuwa na mwami mwanamke, Mwami Theresa Ntare, na sauti yake ilisikika miongoni mwa machifu wa nchi nzima. Mila iliyomkalisha yeye kitini na mila iliyomrudisha shangazi nyumbani huitwa kwa jina moja, mila. Nyingi ya hizi "mila" ni uamuzi wa watu fulani wa wakati fulani, na uamuzi hubadilika.

Jambo lililonifikirisha kuliko yote halimo kwenye vitabu vya machifu hata kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi huku Unyamwezi na Usukuma, wanavijiji walijiundia ulinzi wao, sungusungu. Utemi ulikuwa umefutwa karibu miaka 20. Chama kilikuwa na wajumbe wa nyumba kumi kila mtaa. Na hawa wanakijiji, wakiwa huru kumwita kiongozi wao mwenyekiti au kamanda, wakamwita ntemi. Hakuwa wa ukoo wa kitemi, mara nyingi alikuwa mkulima tu aliyeaminiwa. Waliliokota neno lililotupwa wakaliweka kazini.

Anayesema utemi umekufa atueleze hilo. Na anayesema utemi ni amani tupu naye asikimbie, kwa sababu sungusungu hao hao walipiga watu, waliwatoza faini za kukomoa, na wanawake wazee walioitwa wachawi walitengwa au kufukuzwa vijijini. Hukumu ilitoka asubuhi moja, kama ile ya mzinga. Hukumu ya asubuhi moja ni tamu pale tu alama inapokuwepo kwenye gome. Uchawi hauna alama ya kusugua kwa gunzi.

Ukienda Kigoma utakutana na hoja ya aina nyingine. Huko wapo wanaoamini kwamba Burundi ingekuwa na mwami wake mpaka leo, yale mauaji yasingetokea. Hoja hii ina mguu wa kusimamia: ukoo wa kifalme wa Burundi, waganwa, haukuhesabiwa kuwa Wahutu wala Watutsi, na mwami alionekana kuwa juu ya pande zote. Ufalme ulipinduliwa na mwanajeshi, Micombero, Novemba 1966, na 1972 yakatokea mauaji yaliyoleta maelfu ya wakimbizi upande wetu. Wengi wao wakapewa makazi Ulyankulu, mkoa huu huu wa Tabora. Ila tarehe zina ukaidi wake. Damu ilimwagika Burundi 1965, mwami akiwa bado mwami, na mwami huyo, Mwambutsa, alipoona mambo yamechafuka alikwenda zake Ulaya. Kiti kilikuwepo, aliyekikalia hakuwepo. Siwezi kukubali kwamba kiti peke yake kingezuia panga.

Uganda ni somo la karibu zaidi kwa wanaotaka kurudisha, maana wao walifuta kisha wakarudisha. Obote aliivamia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, 1966, mwaka uliofuata falme zikafutwa, na 1993 Museveni akazirejesha. Kabaka Mutebi hana jeshi wala kodi, lakini akiitisha mbio za siku yake ya kuzaliwa, Waganda hununua fulana kwa wingi na fedha huenda kusaidia wagonjwa. Hilo ni jambo la kuonewa wivu. Katiba yao ya 1995 imewakataza viongozi wa jadi kuingia siasa za vyama. Hata hivyo Septemba 2009 Kabaka alizuiwa kwenda Kayunga, ghasia zikazuka na watu wakafa; na Novemba 2016 vikosi vya serikali viliivamia ikulu ya mfalme wa Rwenzururu kule Kasese, wakauawa watu zaidi ya 100. Mfalme ukimtambua kisheria ni lazima useme mipaka yake, na mipaka ikishasemwa kutakuwa na siku ya kuigombania.

Kwetu hatari naiona kwingine. Septemba 2021 machifu walimsimika Rais Samia huko Magu, mkoani Mwanza, wakampa jina la Hangaya. Wapo walioona ni heshima kwa mila zilizodharauliwa muda mrefu, na furaha yao naielewa. Wengine waliguna. Mimi niliguna kidogo. Mtemi akishazoea kuitwa jukwaani, kesho ataletewa gari, kesho kutwa posho, na mwaka wa uchaguzi ataombwa neno moja tu la kuwaambia watu wake. Tutakuwa tumemrudisha kwa Cameron bila Cameron.

Ndiyo maana msimamo wangu hautamfurahisha fundi simu wala mzee wa kashata. Utemi ubaki, usuluhishe wanaoupelekea mashauri kwa hiari, utunze ngoma, nyimbo na makaburi yake. Usipewe mshahara wala kiti bungeni. Kama Katiba mpya itautaja, basi neno lake la kwanza liwe katazo la siasa za vyama, kama walivyofanya Uganda na Ghana, na la pili liwe kwamba yeyote asiyeridhika na wazee ana haki ya kwenda mahakamani bila kutengwa.

Niliyasema haya yote pale kijiweni, nikidhani nimewamaliza. Muuza kahawa, aliyekuwa kimya muda wote akipuliza mkaa chini ya birika, akauliza, "Na sisi je?" Yeye ni Mmanyema, babu yake alikuja Tabora kutokea Ujiji. Mkewe amezaliwa Ulyankulu kwa wazazi waliotoka Burundi na kupewa uraia wetu. Mpangaji wake ni Msukuma. "Mtemi wa Unyanyembe ni mtemi wangu, au mimi ni mgeni wake?"

Mzee alifikiri, akasema zamani mgeni alikwenda ikulu kujitambulisha, akapewa ardhi, basi naye akawa mtu wa mtemi. "Zamani sawa, babu," akasema muuza kahawa. "Siku hizi kiwanja nimenunua, na risiti ninayo." Akatugeuzia kiganja, tukatoa hela za kahawa.