California iliuza mitambo ikasahau umeme wake

Januari 18, 2001, mgawo wa umeme ukiwa katika siku yake ya pili kaskazini mwa California, Gavana Gray Davis alitia saini sheria iliyokataza kampuni za umeme zinazodhibitiwa na jimbo kuuza mtambo wowote zilizobaki nao hadi Januari 1, 2006. Miaka michache kabla, Tume ya Huduma za Umma ya jimbo hilohilo ilizihimiza kampuni za umeme za PG&E na Southern California Edison ziuze angalau nusu ya mitambo yao ya gesi na mafuta.

Hoja kwamba mauzo yale hayakuwa na udhibiti haina mashiko. Kifungu cha 851 cha sheria ya huduma za umma kinadai kibali cha tume kabla ya mali yoyote muhimu kuuzwa, na kibali kilitolewa kila mara. Tume iliangalia mnada uwe wa haki na athari za mazingira. Hata wafanyakazi walikumbukwa: muuzaji alipaswa kubaki akiendesha mtambo kwa miaka 2 baada ya kuuuza. Bei nazo zilikuwa nono. Kampuni ya nishati ya Duke ilitoa dola milioni 501 kwa vituo vya Moss Landing, Morro Bay na Oakland, na fedha za minada zikaenda kupunguza madeni ya uwekezaji wa zamani.

Kilichosahaulika ni mkataba wa kuununua tena umeme wa mitambo ileile kwa bei ya kudumu. Kampuni zililazimika kununua kwenye soko la siku kwa siku, huku bei ya mteja wa nyumbani ikiwa imefungwa kisheria. Mwaka 1999 megawati-saa moja ya umeme sokoni ilikuwa kama dola 30. Desemba 2000 ilipita 300. PG&E ikaomba ulinzi wa mufilisi Aprili 6, 2001.

Hapa ndipo wanaotetea katazo wana nguvu. Mtambo ukiuzwa, bei yake ya jumla hutoka mikononi mwa jimbo na kuingia kwa tume ya shirikisho ya nishati, FERC, iliyochelewa mno kuchukua hatua. Juni 2000, Reliant, iliyonunua vituo vya Edison, ilizima baadhi ya mitambo kwa siku mbili kwa makusudi ili bei ipande. Mwaka 2003 ililipa dola milioni 13.8 kumaliza shauri hilo. Tena katazo liliokoa mabwawa ya PG&E, karibu megawati 3,900, ambayo tayari yalikuwa njiani kupigwa mnada.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Pale Moss Landing, Duke ilijenga mitambo mipya ya megawati 1,060 iliyoanza kazi mwaka 2002, na hasara kama ingetokea ilikuwa ya wanahisa wake, si ya mlipa bili. Katazo la jumla halitofautishi bwawa linaloshika gridi nzima na jenereta chakavu lisilo na faida, na linaifungia kampuni yenye madeni mlango wa kupata fedha taslimu.

Uganda ilishika njia ya kati: kampuni ya Eskom ya Afrika Kusini ilikodishiwa vituo vya umeme wa maji vya Nalubaale na Kiira kwa miaka 20, umiliki ukabaki kwa UEGCL, kampuni ya serikali ya kuzalisha umeme, na vituo vikarudi mwaka 2023. Dosari ya ukodishaji hujulikana: miaka ya mwisho mpangaji huona uchungu kubadilisha mashine kubwa.

Kwa maoni yangu, katazo lilifaa kama breki ya dharura tu. Kibali kizuri kingemfunga mnunuzi mambo matatu: auze sehemu kubwa ya umeme kwa kampuni iliyomuuzia mtambo kwa miaka kadhaa, kwa kanuni ya bei inayofuata gharama ya gesi, asimiliki mitambo mingi katika eneo moja la gridi, na kila anapozima aeleze sababu, mkaguzi akiwa na haki ya kuingia chumba cha mitambo siku hiyohiyo. La tatu ndilo gumu, maana bomba la boila linalovuja na bomba linalosingiziwa kuvuja husomeka sawasawa kwenye ripoti.